Kanuni za vyeo polisi zikibadilika katikati ya safari: nani ana haki na nani ana matumaini tu

Jioni moja kwenye kijiwe cha kahawa hapa Mwanga, Kigoma mjini, simu ya mtu ilizunguka mkono kwa mkono. Kulikuwa na sauti iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp: mtu asiyejitaja jina anasema askari waliokaa miaka mingi kwenye cheo kimoja waende mahakamani, maana kanuni zimebadilishwa na haki yao imeliwa. Kabla kikombe cha pili hakijapoa, mabishano yalishawaka. Mmoja akasema askari haruhusiwi kabisa kuishtaki Serikali. Mwingine akasema anaruhusiwa, na jaji atamvalisha cheo chake siku hiyohiyo. Mzee mmoja fundi cherehani, ambaye huwa hasemi sana, akauliza: "Kwani hiyo kanuni ilibadilishwa kabla hawajafanya mtihani au baada?"

Sauti kama zile hazina jina wala tarehe, kwa hiyo sitazijadili. Swali la mzee ndilo nitakalolishughulikia, kwa sababu ndilo swali ambalo jaji yeyote angeanza nalo. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yetu, inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ni kumweleza mtu sheria bila kumtoza na kumwelekeza mlango wa kubisha. Katika kazi hii nimeona watu wanavyoumia kwa kuchanganya maneno mawili tu: haki na matumaini. Kwenye suala la vyeo vya polisi mchanganyiko huo ni mkubwa kuliko kwingine kote.

Tuanze na maneno yenyewe. Cheo ni ngazi ya askari ndani ya jeshi, ile inayoonekana begani au mkononi. Katika Jeshi la Polisi Tanzania ngazi zinaanza na konstebo, kisha koplo, sajenti, stafu sajenti na sajenti meja. Juu yao kuna mkaguzi msaidizi, mkaguzi, mrakibu msaidizi, mrakibu, mrakibu mwandamizi, halafu ngazi za ukamishna mpaka Inspekta Jenerali. Wadhifa ni kitu kingine. OCS, OCD na RPC ni nyadhifa, yaani kazi za kuongoza kituo, wilaya au mkoa. Ukisikia mtu anasema "fulani kapanda cheo kawa OCD", hapo amechanganya. Inawezekana amehamishiwa wadhifa mkubwa akiwa na cheo kilekile cha jana. Na anayekaimu wadhifa, hata akikaimu miaka miwili, kukaimu kwake peke yake hakumpi cheo. Watu wengi wamejenga hesabu za maisha juu ya kukaimu, na siku ameletwa mwingine wameona wameporwa kitu ambacho hawakuwa wamekabidhiwa.

Neno la pili ni kanuni. Askari husema "kanuni" akimaanisha karatasi yoyote inayotoka makao makuu, lakini karatasi hizo hazina uzito sawa. Juu kabisa ipo Katiba ya mwaka 1977. Chini yake kuna sheria zilizotungwa na Bunge, kama Sheria ya Jeshi la Polisi na Huduma Saidizi, Sura ya 322, na sheria ya mwaka 1990 iliyounda Tume inayoshughulikia utumishi wa polisi na magereza. Kisha zinakuja kanuni zenyewe, zinazotungwa kwa mamlaka ya sheria hizo na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Halafu kuna mwongozo wa jeshi, ambao kila askari anaufahamu kwa herufi zake tatu, PGO (Police General Orders). Mwishoni kuna waraka. Cha chini hakipangui cha juu. Waraka ukisema jambo linalopingana na kanuni, kanuni ndiyo inayosimama. Kesi nyingi za utumishi duniani zinashinda au kushindwa hapa, kabla hata haijaulizwa nani alionewa.

Sasa twende kwenye upatu, maana sijaona mfano unaoeleza jambo hili vizuri zaidi.

Chukua akina mama kumi wa mtaa mmoja, tuseme Gungu. Kila Jumamosi kila mmoja anachanga shilingi 20,000, na mmoja anabeba 200,000. Walipoanza walikubaliana zamu zifuate mpangilio wa kujiandikisha, na majina yakaandikwa kwenye daftari kuanzia wa kwanza hadi wa kumi. Wiki ya tano mwenyekiti anasimama na kusema kuanzia leo zamu hazitafuata daftari. Atatangulia mwenye biashara inayoonekana, kwa sababu mwaka jana kuna waliopokea mapema wakahama mtaa bila kumalizia michango. Tusimkasirikie haraka huyo mwenyekiti. Ana sababu, na ni ya kweli.

Mama wa pili alishapokea wiki ya pili na fedha zake zimeshakuwa magunia ya dagaa. Hakuna sheria mpya inayoweza kurudi nyuma na kumwambia azirudishe. Mama wa tano zamu yake ni leo. Wenzake wameshachanga, noti zimehesabiwa mbele ya macho yake na zipo juu ya mkeka, kilichobaki ni mkono wake kuzichukua. Mama wa saba jina lake lipo kwenye daftari. Mwenyekiti mwenyewe alimwambia mbele ya watu kwamba wiki ya saba ni yake, na kwa kauli hiyo ameshachukua cherehani kwa mkopo. Halafu yupo mama mwingine ambaye hata hajajiandikisha. Anausikia upatu kwa jirani na kusema moyoni, awamu ijayo nami nitaingia, na kwa mpangilio wao nitapata mapema.

Wote wanne wataudhika kwa sheria mpya, na wote watasema "haki yangu". Lakini hawako mahali pamoja. Wa pili ana haki iliyokwisha kupatikana. Wa tano yuko mlangoni kabisa: masharti yote ameshatimiza, na anayemzuia anatakiwa kuwa na sababu nzito. Wa saba ana kitu ambacho wanasheria wanakiita matarajio halali. Maana yake ni tegemeo lililozaliwa na ahadi ya wazi au desturi ya muda mrefu ya mwenye mamlaka, si ndoto ya mtu mwenyewe. Yule aliye nje ana matumaini. Matumaini ni jambo jema la kibinadamu, lakini hayafungui shauri.

Nimchore sasa askari wa kufikirika, nimwite Kasimu. Hayupo popote, na masharti ninayompa ni ya kufikirika vilevile. Tuseme kanuni za jeshi lake zinasema konstebo akitimiza miaka mitatu, akiwa na mwenendo mzuri, anaweza kuitwa kozi, na akifaulu anaweza kupandishwa kuwa koplo nafasi zikiwepo. Ghafla kanuni inabadilishwa: sasa ni miaka mitano, na cheti cha ziada cha elimu.

Kama Kasimu ana miaka miwili kazini siku kanuni inapobadilika, yeye ni yule mama wa nje. Itamuuma, lakini mahakama itamwambia mwajiri ana mamlaka ya kupanga upya ngazi zake. Kama ameshatimiza miaka mitatu lakini hajaitwa kozi, hali inaanza kuwa ngumu. Kama yuko darasani kwenye kozi, ameitwa kwa barua inayotaja masharti ya zamani, ni mama wa saba. Kama amefaulu, orodha imesainiwa na kinachosubiriwa ni siku ya gwaride, ni mama wa tano. Na kama tepe zipo mkononi, kanuni mpya haimvui. Kumvua kunahitaji utaratibu mwingine kabisa, wa nidhamu, wenye mashtaka na nafasi ya kujitetea.

Angalia neno "anaweza" lilivyojirudia kwenye masharti ya Kasimu. Neno hilo dogo limewaliza watu wengi. Kanuni za vyeo mara nyingi hazisemi "atapandishwa". Zinasema anaweza, tena nafasi zikiwepo. Kwa hiyo hata aliyetimiza kila kitu, mara nyingi alichonacho ni haki ya kufikiriwa: jina lake liwekwe mezani pamoja na wenzake, lipimwe kwa vigezo vilevile, lisirukwe kwa chuki wala kwa upendeleo. Haki ya kufikiriwa si haki ya kupewa. Ukiielewa tofauti hiyo, nusu ya mabishano ya kijiweni inakwisha.

Mahakama zimehangaika na maswali haya kwa miaka mingi. Kwa upande wetu wa dunia, jiwe la msingi ni shauri la mwaka 1963 kati ya Manispaa ya Mombasa na kampuni ya Nyali, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ya wakati huo, na hata leo mawakili wetu hulitaja. Msimamo wake ni huu: sheria inayogusa haki za watu haichukuliwi kuwa inarudi nyuma mpaka yenyewe iseme hivyo waziwazi, lakini sheria ya utaratibu tu, kwa mfano fomu ipi ijazwe au maombi yapelekwe kwa nani, huanza kutumika mara moja hata kwa mambo yaliyoanza zamani. Sheria yetu ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, nayo inasema sheria ikifutwa, haki zilizopatikana chini yake hazifi nayo, isipokuwa kama nia tofauti imeonyeshwa.

Walioligeuza swali la vyeo pande zote ni Wahindi, na sheria zetu nyingi zina asili ya huko, ndiyo maana majaji wetu husoma hukumu zao ingawa haziwafungi. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya India ilipokea shauri la watumishi wa idara ya usajili katika jimbo la Andhra Pradesh. Kanuni ilitaka orodha ya wanaostahili kupanda iandaliwe kila mwaka. Orodha ya mwaka 1976 ilicheleweshwa, na mwaka 1977 kanuni ikabadilishwa, watu waliokuwa na sifa wakajikuta nje. Mahakama ikasema nafasi zilizokuwa wazi kabla ya mabadiliko zijazwe kwa kanuni za zamani. Ilikuwa faraja kubwa kwa watumishi, na kwa karibu miaka 40 uamuzi huo ulitumika kama ngao.

Tarehe 20 Mei 2022 ngao ikavunjwa. Katika shauri lililotoka jimbo la Himachal Pradesh, Mahakama hiyohiyo ilisema hakuna kanuni ya jumla kwamba nafasi ya zamani lazima ijazwe kwa sheria ya zamani. Mtumishi ana haki ya kufikiriwa kwa mujibu wa kanuni zilizopo siku anapofikiriwa. Serikali inaweza hata kuamua kwa sababu njema kutojaza nafasi hizo kwanza, ikajipanga upya, kisha ikazijaza kwa vigezo vipya. Naitaja hukumu hii makusudi, kwa sababu wapo wanaosambaza ile ya 1983 kana kwamba bado inasimama. Anayekwenda mahakamani ameshika ile ya kwanza bila kujua ya pili, wakili wa upande wa pili atamaliza kazi asubuhi.

Hata hivyo, tarehe 7 Novemba 2024 majaji watano wa Mahakama hiyo walikaa kuamua jambo la karibu na hilo, linalohusu ajira: je, vigezo vinaweza kubadilishwa mchakato ukiwa umeshaanza? Wakasema hapana. Mechi ikishaanza huwezi kuhamisha magoli, isipokuwa kama kanuni zilizopo au tangazo lenyewe liliruhusu, na hata hapo mabadiliko yasiwe ya kukurupuka au ya kibaguzi. Lakini wakaongeza kwamba jina kuwemo kwenye orodha ya waliofaulu peke yake hakumpi mtu haki isiyoweza kuguswa ya kupata nafasi. Anayeweza kuuona mpira huu ukichezwa pale uwanja wa Lake Tanganyika ataelewa: kabla ya filimbi, chama cha mpira kinaweza kusema mwaka huu dakika ni kadhaa na wachezaji wa akiba ni kadhaa. Filimbi ikishapigwa, timu moja ikiwa inaongoza, ukibadilisha kanuni umeharibu mechi. Na filimbi ya kwenye vyeo inapigwa lini? Mara nyingi ni siku ya tangazo au barua ya kuitwa, ile inayotaja vigezo. Hapo ndipo swali la mzee fundi cherehani lilipolenga, na hakuna aliyemfundisha.

Marekani nayo ina kesi inayofanana kwa sura, ingawa ndani ni tofauti. Mwaka 2003 mji wa New Haven uliendesha mitihani ya kupandisha vyeo askari wa zimamoto. Watu 118 walifanya, maandishi yakibeba asilimia 60 na mahojiano asilimia 40. Matokeo yalipotoka, weupe walikuwa wamewazidi sana weusi, na mji ukayatupa matokeo yote kwa kuogopa kushtakiwa kwa ubaguzi. Waliofaulu ndio wakashtaki. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa kura tano kwa nne, ikisema hofu ya kushtakiwa, bila ushahidi wa nguvu, haitoshi kuyafuta matokeo. Shauri lile liliamuliwa kwa sheria yao ya ubaguzi kazini, kwa hiyo mtu asilibebe zima kulileta Kigoma. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha kwamba uchungu wa aliyesoma usiku, akafaulu, kisha akaambiwa mtihani hauhesabiki, unaeleweka mpaka kwenye mahakama kubwa.

Tuje nyumbani. Je, ni kweli askari haruhusiwi kuishtaki Serikali? Si kweli, ila kuna mlango mmoja ambao umefungwa na ndio unaowachanganya watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo mfanyakazi wa kiwanda au wa hoteli huitumia kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, haiwahusu askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo konstebo anayepeleka fomu CMA atarudishwa. Lakini sheria hiyohiyo imewaachia hata hao askari ulinzi wa mambo matatu: kazi ya kulazimishwa, ajira ya watoto, na ubaguzi. Kanuni ya vyeo ikibagua kwa jinsia, dini, kabila au ujauzito, askari ana pa kushika.

Mlango mkubwa ulio wazi ni mapitio ya mahakama. Hapa Mahakama Kuu haikai kama bodi ya vyeo. Inamtazama aliyeamua na kuuliza: alikuwa na mamlaka? Alifuata utaratibu uliowekwa na sheria? Alimsikiliza aliyeathirika? Je, uamuzi wenyewe ni wa akili timamu? Asili ya maswali haya kwa sehemu ni shauri la polisi. Mkuu wa polisi wa mji wa Brighton, Uingereza, alifukuzwa kazi mwaka 1958 bila kuitwa kujieleza, na mwaka 1963 mahakama ya juu ya huko ikasema kufukuzwa huko ni batili kwa sababu hakusikilizwa. Kwetu haki hiyo imeandikwa kwenye Katiba, Ibara ya 13(6)(a): mtu ambaye haki zake zinaamuliwa apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Mahakama ikiona kasoro inaweza kufuta uamuzi, kumzuia mwenye mamlaka asiendelee, au kumlazimisha atimize wajibu wake wa kisheria. Jaji hamvalishi mtu cheo. Akimpa Kasimu ushindi, mara nyingi amri itakuwa jina lako lirudishwe mezani lifikiriwe upya kwa njia sahihi. Na likishafikiriwa kwa njia sahihi, Kasimu anaweza kukosa tena, safari hii kihalali. Najua hili linakatisha tamaa, na nimeona nyuso zikibadilika nikilisema. Lakini ni afadhali mtu alijue kabla hajauza ng'ombe kumlipa wakili.

Muda ndio unaoua mashauri haya kuliko hoja. Kwa kanuni za mwaka 2014 zinazosimamia mapitio, unaanza kwa kuomba kibali cha Mahakama, na maombi hayo yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu tarehe ya uamuzi unaolalamikiwa. Ukipewa kibali una siku 14 za kuleta maombi yenyewe. Kabla ya hapo mahakama itataka kujua kama ulimaliza njia za ndani: malalamiko kwa wakubwa wako, rufaa kwa mamlaka ya juu inayotajwa na kanuni zako. Hapo askari anabanwa pande mbili. Akikimbilia mahakamani ataambiwa rudi ukamalize ngazi za ndani. Akisubiri majibu ya ndani bila kuangalia kalenda, miezi sita inamponyoka. Ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni kuandika malalamiko mapema, kwa maandishi, apate nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na kumwona wakili wakati bado anasubiri jibu, asingoje jibu lije.

Zamani mtu wa Kigoma aliyetaka Mahakama Kuu alipanda treni mpaka Tabora. Sasa Kanda ya Kigoma ina Mahakama Kuu yake, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Hilo limepunguza mzigo, ingawa kanuni nyingi za zamani bado zinasomwa kwa Kiingereza na askari wa kawaida anazipata kwa kusimuliwa.

Kuna jambo moja ambalo watu wa upande wa askari hawapendi kulisikia, na lazima niliseme. Serikali inaweza kuwa na sababu njema kabisa za kubadilisha kanuni za vyeo. Jeshi linalopeleleza makosa ya mitandaoni linahitaji askari waliosoma mambo ambayo miaka 20 iliyopita hayakuwepo. Mwaka 2023 Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti kuhusu kuboresha taasisi za haki jinai, polisi wakiwemo, na maboresho ya aina yoyote yatagusa nani anapanda na kwa sifa zipi. Tena mahakama huwa na tahadhari zaidi kwenye vyombo vya ulinzi. Uingereza mwaka 1984 watumishi wa kituo cha upelelezi wa mawasiliano walipigwa marufuku kuwa na vyama vya wafanyakazi bila kushauriwa kwanza. Majaji walikubali kwamba walikuwa na matarajio halali ya kushauriwa, kisha wakasema usalama wa taifa unayazidi. Walishinda hoja, wakashindwa kesi.

Lakini sababu njema ya kubadilisha haimpi mtu ruhusa ya kubadilisha vyovyote vile. Kanuni iliyoandikwa vizuri huwa na masharti ya mpito, yaani kipengele kinachosema walioanza chini ya utaratibu wa zamani watafanyiwa nini: waliokwisha kuitwa kozi wamalizie kwa vigezo vya zamani, waliobakiza muda mfupi wapewe muda fulani wa kutafuta cheti, wengine waingie kwenye utaratibu mpya moja kwa moja. Ni mistari mitatu au minne tu. Kwa maoni yangu, ukikuta mgogoro wa vyeo umefika mahakamani, jambo la kwanza la kutafuta ni mistari hiyo. Isipokuwepo, hapo ndipo pameoza. Mwenyekiti wetu wa upatu angeweza kusema zamu kwa biashara zinaanza awamu ijayo, awamu hii daftari linaendelea. Angeilinda fedha ya kikundi bila kumtia mama wa saba kwenye deni la cherehani.

Umbali nao ni sehemu ya haki. Reli kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Askari aliyeko kituo cha mwisho cha Kakonko, au doria za Uvinza, hasomi waraka siku ileile na aliyeko makao makuu. Shule ya Polisi iko Moshi, upande mwingine kabisa wa nchi. Sharti jipya la cheti linaloonekana jepesi kwa aliye mjini kwenye vyuo vya jioni, kwa aliye mpakani linaweza kumaanisha kuomba ruhusa ya miezi kadhaa. Kanuni moja kwa wote inaweza isiwe mzigo mmoja kwa wote. Mahakama haitaifuta kwa sababu hiyo tu, lakini anayeiandika anapaswa kulifikiria kabla ya kuweka sahihi.

Mwalimu yeyote anayesoma hapa ataiona hali hii kwa jicho lake. Kupanda kwa madaraja kuliposimama mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi, aliyestahili mwaka huo na aliyestahili baadaye walijikuta foleni moja, na mpaka neno "mserereko", yaani kupandishwa kwa haraka ili kufidia ucheleweshaji, likaingia kwenye mazungumzo ya kila siku. Na fedha si jambo dogo. Mafao ya uzeeni hukokotolewa kutokana na mshahara, kwa hiyo miaka inayopotea kwenye cheo cha chini mtu huendelea kuilipia hata baada ya kuvua sare.

Jioni ile kijiweni niliyaeleza haya kwa ufupi zaidi, kahawa ikiendelea kumiminwa. Yule aliyesema jaji atavalisha cheo alinyamaza. Mzee akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hiyo miezi sita inahesabiwa kuanzia siku waraka ulipoandikwa, au siku askari alipouona?"

"Mzee wangu, kanuni inahesabu kuanzia tarehe ya uamuzi wenyewe. Aliyechelewa kuujua anaweza kuomba Mahakama imwongezee muda, ila itabidi aeleze kila siku ya ucheleweshaji, na kwa ushahidi."

Akamgeukia kijana mwenye ile simu. "Basi mwambie huyo aliyekutumia sauti akutumie waraka. Tuone tarehe."

Kijana akaanza kuandika ujumbe.